Usiku wa barafu ndani ya trela: angalia betri kabla ya mabomba

SWALI: Fundi, habari za kazi. Tunaishi Phoenix, Arizona, mimi, mume wangu na watoto watatu. Mwaka huu tumenunua trela la kulala la mtumba, la futi 22, na tumeshalipia siku mbili katika kambi ya Mather, Grand Canyon, mwishoni mwa Oktoba. Utabiri unasema usiku itashuka hadi 30 au 28 kwa vipimo vya hapa. Hita ya gesi ya trela hatujawahi kuiwasha hata siku moja. Jirani ametutisha kwamba mabomba yatapasuka, mume wangu anasema hita ikisumbua tutawasha jiko la gesi, na mimi nimeshanunua hita ndogo ya umeme. Tumwage maji yote? Au tuahirishe safari?

JIBU: Msiahirishe, dada, na maji msimwage. Hizo digrii 28 za Fahrenheit ni kama -2 za Selsiasi, na zitakaa hapo kwa saa chache tu za alfajiri kabla jua halijapanda. Kwa baridi ya kiasi hicho, mabomba yaliyo ndani ya trela linalopashwa joto hayapasuki. Katika maelezo yako kuna mambo mawili yaliyonitia wasiwasi zaidi: betri, ambayo hukuitaja kabisa, na ile kauli ya shemeji kuhusu jiko. Yote mawili yameshikana. Betri ikikata saa tisa usiku, hita inazimika, watoto wanaanza kutetemeka, na hapo ndipo mtu mwenye akili zake timamu anapowasha jiko na kubana madirisha.

Kwanza mjue mnakokwenda. Phoenix iko kama mita 330 juu ya usawa wa bahari. Ukingo wa kusini wa Grand Canyon, ilipo Mather, uko kama mita 2,100. Kwa kawaida hewa hupoa kama digrii 6 na nusu za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na juu ya hapo mtakuwa kwenye hewa kavu na anga jeupe, ambako joto la mchana hupaa likapotea mara jua linapozama. Mtaondoka nyumbani mmevaa fulana, jioni mtatafuta makoti. Kwa hiyo utabiri wa Phoenix haufai kitu, na wa simu wakati mwingine unakupa mji wa jirani. Ingia tovuti ya National Weather Service, idara ya hali ya hewa ya Marekani, bofya kwenye ramani pale pale ilipo kambi, usome usiku mmoja mmoja.

Jambo la pili: viwanja vya Mather havina umeme. Kuna vyoo na mabomba ya maji ya pamoja, lakini hakuna nguzo ya kuchomeka trela. Hiyo hita yako ndogo kwa safari hii ni mzigo tu. Kitakachowapasha joto ni hita ya gesi iliyojengewa ndani ya trela, na watu wakisikia "ya gesi" hudhani mtungi ukijaa mambo yamekwisha. Inachoma gesi, ndiyo, lakini feni yake inazungushwa na betri, na bila feni haiwaki.

Tupige hesabu. Hita ya trela la ukubwa wenu mara nyingi ni ya BTU 25,000 hivi kwa saa (BTU ni kipimo cha joto), na feni yake inakula kama ampea 7. Kwenye usiku wenye urefu wa saa 10 ulio karibu na nyuzi sifuri, hita huwaka na kupumzika, huwaka na kupumzika; chukulia nusu ya muda inafanya kazi. Saa 5 mara ampea 7 ni ampea-saa 35. Ongeza king'ora cha gesi kisicholala, sakiti ya friji, pampu, na taa ambazo watoto watakataa zizimwe: weka 10. Umefika 45. Sasa geukia upande wa mapato. Matrela mengi ya aina hii huuzwa na betri moja ya asidi, ambayo ikiwa mpya ina kama ampea-saa 80. Betri ya asidi ukiizoesha kuivuta chini ya nusu unaiua, kwa hiyo zinazotumika ni 40. Na kwenye nyuzi sifuri inapoteza kama moja ya tano ya nguvu zake. Yaani usiku wa kwanza tu mna deni, na bado kuna wa pili.

Hapo nimehesabu betri mpya. Ya kwenu imekaa Phoenix, na jua la Phoenix linamaliza betri kuliko baridi yoyote. Kabla ya kununua chochote, ifungue uipeleke ikapimwe. Maduka mengi ya vipuri vya magari hapa Marekani hupima bure.

Nieleze pia betri inapochoka unaona nini, maana dalili yake inapotosha. Ndani ya hita kuna kibati chepesi kilichokaa kwenye njia ya upepo wa feni. Upepo ukiwa na nguvu ya kutosha unakisukuma, kinabonyeza swichi, na hapo ndipo koki ya gesi inaruhusiwa kufunguka na cheche kupiga. Ni ulinzi: moto bila upepo ungeunguza hita yenyewe. Betri ikishuka kwenye volti 10 na nusu hivi, feni inazunguka kivivu, kibati hakifiki, gesi haifunguki. Lakini feni mara nyingi inaendelea. Unaamka, unasikia hita inavuma kama kawaida, unaweka kiganja kwenye tundu la joto sakafuni, unakuta upepo wa baridi. Wengi hukimbilia nje na tochi kubadilisha mtungi, wakidhani gesi imekwisha, na muda wote huo feni inanyonya tone la mwisho la betri. Mkikuta hali hiyo, zimeni hita kwanza, kisha pimeni volti. Ikiwa imetulia bila kutumika, betri iliyojaa husoma 12.7, ikisoma 12.1 imebaki nusu.

Kama mfuko unaruhusu, ningenunua betri mbili za volti 6, zile za mikokoteni ya gofu, ziunganishwe mfululizo ziwe volti 12. Zinatoa kama ampea-saa 220, na hata ukitumia nusu tu, siku zenu mbili zinapita. Betri ya lithiamu ni nzuri na nyepesi, lakini haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi sifuri, na chaja ya zamani ya trela huenda isiifae. Si kitu cha kununua wiki ya safari. Jenereta nayo inasaidia, ila Mather hairuhusiwi kunguruma usiku, na saa mnazoruhusiwa hazitoshi kujaza betri ya asidi iliyoisha chaji, kwa sababu inapokea taratibu. Shemeji asitegemee pikapu kuchaji kupitia ile plagi ya pini saba inayounganisha trela na gari. Waya wake ni mwembamba. Kinachofika ni kidogo.

Njia isiyo na gharama ni kupunguza matumizi. Mkishalala, shusheni themostati, kile kidhibiti joto cha hita, hadi 55, yaani nyuzi 13 za Selsiasi, na mjifunike vizuri. Watoto wavalishwe soksi safi zilizo kavu, si zile walizokimbilia kutwa nzima. Wawekee chupa ya maji ya moto miguuni. Anayelala chini kwenye vitanda vya ghorofa ataona baridi kuliko wa juu, kwa hiyo blanketi zito liende chini. Na kila mmoja atandikiwe blanketi chini yake pia, kwa maana magodoro ya matrela ni membamba na baridi inapanda kutoka kwenye ubao.

Gesi haina tatizo. Mtungi wa kilo 9 unatoa kama saa 17 za moto mfululizo kwenye hita ya ukubwa huo, na matrela mengi yana mitungi miwili. Propeni inachemka kwenye -42 za Selsiasi, kwa hiyo baridi ya Grand Canyon mwezi Oktoba haiigusi. Tofauti na vile vikopo vya butani vya jiko la mkononi: butani inachemka kwenye -0.5, na asubuhi ya sakitu mtakaa mkitazama mwali wa bluu ukinyong'onyea chini ya birika. Kama mnacho, laza kopo ndani usiku, au chemsheni chai kwenye jiko la trela.

Na hilo jiko la trela, nisikilize vizuri na umsomee shemeji. Ni la kupikia tu. Kila msimu wa baridi huko nyumbani tunasikia habari za waliolala na jiko la mkaa chumbani wasiamke, na tunajisemea kwamba gesi ni kitu kingine. Gesi ikichomeka vizuri inatoa kaboni monoksidi, ile hewa ya sumu, kidogo sana, kweli. Lakini trela ni chumba kidogo kilichobanwa, watu watano wanavuta hewa ile ile, moto nao unaivuta. Na pale juu, kwenye mita 2,100, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Oksijeni ikipungua, mwali unaharibika, na hapo ndipo sumu inapozaliwa. Haina harufu. Inaanza kwa kichwa kuuma na kichefuchefu, na aliyelala hapati nafasi ya kusikia hata hayo. Hita iliyojengewa ndani ni salama kwa sababu moto wake umefungiwa kwenye chemba yake, unavuta hewa kutoka nje na kurudisha moshi nje. Jiko halina mpango huo. Mkaa wa kuchomea nyama nao usiingie ndani, hata kama unaonekana umeshazima.

Ving'ora vinapaswa kuwa viwili, au kimoja chenye kazi mbili. Cha propeni kinakaa karibu na sakafu, kwa sababu gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na inatambaa chini. Cha kaboni monoksidi kinakuwa karibu na mnapolala. Geuza nyuma usome tarehe: vina mwisho wa kutumika, na trela la mtumba ndipo utakapokuta kilichopitwa miaka mingi, bado taa yake ya kijani inawaka kama kawaida. Kubonyeza kitufe cha kujaribia kunakuambia tu kwamba king'ora kinaweza kulia. Hakukuambii kama bado kinanusa. Kikiwa kimepitwa, nunua kipya. Bei yake haifiki hata ya usiku mmoja hotelini.

Tuje kwenye maji, swali lako lenyewe. Maji hayagandi kwa sababu tu kipimajoto cha nje kimegusa sifuri. Kupoza maji kutoka nyuzi 10 hadi sifuri ni kazi ndogo. Kuyageuza barafu yakiwa hapo hapo kwenye sifuri kunahitaji yapoteze joto karibu mara nane ya lile. Ndiyo maana tangi la lita 100 na zaidi halitishiki na saa nne za -2. Vinavyoganda ni vitu vyembamba vilivyo nje: vibomba viwili vifupi vinavyoning'inia chini ya sakafu, vile vya kumwagia maji yote, na bomba la kuogea la nje lililo nyuma ya kimlango kidogo ubavuni. Hilo la nje watu hulisahau. Lina koki za plastiki, liko ng'ambo ya ukuta wa joto, na barafu inapotanuka kwa karibu asilimia 9 ndilo linalopasuka kwanza. Jioni funga maji yake kwa ndani kama kuna koki, kisha fungua za nje yachuruzike, ujaze kitambaa kwenye kile kimlango. Vile vibomba vya chini vifunge kwa sponji la mabomba na utepe.

Mengine ni madogo. Jazeni tangi mkifika, si nyumbani, msibebe uzito huo kwenye milima yote ya Flagstaff. Kabla ya kulala zima pampu, kisha fungua bomba la sinki kidogo ili presha itoke. Acheni milango ya kabati za chini ya sinki wazi, jikoni na chooni, joto la chumba liingie kwenye mabomba. Vali za matangi ya maji machafu zikae zimefungwa. Wekeni galoni mbili za maji ndani kwa ajili ya chai. Likitokea bomba moja halitoi asubuhi, mnayo ya kunywa, na mnasubiri jua. Msimwagie bomba maji ya moto, msiliwashie kiberiti.

Lakini kuna kitu kitakachowakera kuliko barafu, nacho ni unyevu. Mtu akilala hutoa maji kwa pumzi na ngozi, usiku mzima, na ninyi ni watano. Mvuke huo unakwenda kutulia kwenye kilicho baridi: vioo vya madirisha, fremu za alumini, kona za kabati, na upande wa chini wa godoro lililogusa ubao. Asubuhi unainua godoro unakuta limelowa kama limemwagiwa kikombe cha maji, na wiki mbili baadaye kuna ukungu mweusi. Jiko la gesi linaongeza balaa hapo pia, maana kila kilo ya propeni inayoungua inazaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji, na yote yanabaki chumbani. Ukiwa Arizona una bahati, hewa ya nje ni kavu mno. Fungua tundu la dari kiasi cha kidole, na dirisha moja mbali nalo kiasi hicho hicho. Najua inaonekana kichaa kulipia gesi halafu kufungua dirisha, na shemeji atalifunga ukisinzia. Mwambie joto linalotoka ni dogo, na kinachoingia ni hewa kavu inayopunguza huo unyevu. Chini ya magodoro tandika kitu chenye matundu, hata yale mazulia ya mpira ya bafuni. Madirishani banikeni zile foili za kukinga jua mnazotumia kwenye gari. Zinapunguza baridi pia, si jua tu. Nguo zilizolowa zisikaushwe ndani, na asubuhi fungueni mlango robo saa kila kitu kipumue.

Mmesema hita hamjawahi kuiwasha. Hilo lisingoje Grand Canyon. Jumamosi hii, alfajiri kabla joto la Phoenix halijaanza, nendeni mkaiwashe hapo hapo uani. Kwanza toka nje utafute kibati cha mraba ubavuni chenye matundu mawili. Ndipo inapovutia hewa na kutolea moshi. Chungulia na tochi. Nyigu wa udongo na buibui hupenda sana kujenga mle, na kwenye trela lililokaa muda mrefu bila kuwashwa ningeshangaa nisipokuta kitu. Kukiwa na kiota ndani zaidi kuliko kidole kinavyofika, mwite fundi aifungue. Msichokoe na waya. Kisha fungueni madirisha yote, pandisheni themostati juu ya joto la chumba, msubiri. Feni itaanza peke yake, baada ya nusu dakika hivi utasikia cheche zinapiga tik tik tik, halafu mlio mzito wa moto kushika. Kutakuwa na harufu ya vumbi linaloungua, huenda hata king'ora kikalia; baada ya dakika 10 au 20 inapaswa kwisha. Isipokwisha, au ukaona masizi meusi kwenye tundu la nje, au ikawaka na kuzima bila kufikia joto mliloweka, izimeni isiguswe mpaka fundi aione. Ikikubali, iacheni ifanye kazi saa nzima bila trela kuchomekwa kwenye umeme wa nyumba, mpime volti kabla na baada. Hapo mtaijua betri yenu kuliko hesabu zangu. Watoto waonyeshwe lile tundu la nje na wasilisogelee, linatoa moto wa kuunguza, na viti vya plastiki visiwekwe mbele yake.

Lini ningebadili mpango? Utabiri ukishuka hadi 20 za Fahrenheit, ambayo ni kama -7, au ukisema hata mchana haitapanda juu ya sifuri, au betri ikishindwa jaribio la Jumamosi na hamna ya kuibadilisha. Hapo ulizieni nafasi Trailer Village, hatua chache tu kutoka Mather, ambako kila kiwanja kina umeme, maji na bomba la taka. Huko ndiko hita yako ya umeme ingepata kazi, kwa masharti. Ya wati 1,500 inavuta ampea 12 na nusu, na soketi nyingi za trela zinabeba 15, kwa hiyo ukiwasha maikrowevu kwenye laini hiyo hiyo umeme unakatika. Ichomeke moja kwa moja ukutani, bila eksitensheni, na baada ya nusu saa gusa plagi. Ikiwa ya moto kushika, ichomoe. Wala isiwafanye mzime ya gesi. Kwenye matrela mengi hewa ya moto ya hita ya gesi inapita chini ya sakafu karibu na mabomba na matangi, na hita ya umeme ikishapasha chumba, themostati inaona kazi imeisha, ya gesi haiwaki, huku chini kunaganda na ninyi juu mnatoka jasho. Wekeni ya gesi ifanye kazi kubwa, ya umeme isaidie tu. Na mpira wa maji unaounganisha trela na bomba la kambi uchomolewe kila jioni, umwagwe maji yote, ukunjwe uingizwe ndani, usiku mtumie maji ya tangi kwa pampu.